Losheni Ina Maji, na Maji Yanataka Mlinzi

Wifi yangu alipojifungua mwaka juzi, zawadi zilizofika nyumbani kwake zilikuwa zile zile za siku zote: kanga, beseni, pempasi, na makopo ya mafuta ya mtoto. Kopo moja lilikuwa la krimu ya alovera iliyotengenezwa nyumbani na kuuzwa kwa oda ya simu. Lebo yake ilichapwa vizuri, ina picha ya jani la kijani, na chini yake maneno makubwa: HAINA KEMIKALI, HAINA PARABENI. Wifi aliipenda kuliko zote. "Wifi, hii ndiyo ya asili kabisa," aliniambia, akafungua mfuniko ninuse. Ilinukia limau, na ilinukia vizuri kweli.

Wiki ya tatu nilimkuta mtoto ana vipele shingoni na kwenye mikunjo ya mapaja. Nikaomba kopo. Kwa ndani ya mfuniko, pale mvuke unapogeuka matone, palikuwa na madoa matatu ya ukungu, moja la kijivu na mawili meusi, yana manyoya kama pamba iliyochambuliwa. Krimu yenyewe ilianza kujitenga na kutoa maji pembeni, na limau lilikuwa limezidiwa na harufu ya kitambaa kilichokunjwa kingali kibichi. Siwezi kuapa kwamba vipele vililetwa na krimu ile. Joto la Dar es Salaam mwezi wa pili linatosha kumtoa mtoto vipele. Ninachojua ni kwamba kwa siku kadhaa tulikuwa tunampaka mtoto mchanga ukungu, na krimu ile tuliikubali kwa sababu ya kitu kimoja kilichokosekana ndani yake.

Kitu hicho ni kihifadhi. Kazi yake ni kuzuia bakteria na kuvu wasizaliane ndani ya bidhaa tangu inapofungashwa hadi siku unapokwangua tone la mwisho kwa kidole. Parabeni ni ukoo mmoja wa vihifadhi, na ni ukoo wa siku nyingi: umetumika tangu miaka ya 1920 kwenye dawa, vipodozi na vyakula. Geuza kopo la losheni, soma orodha ya viambato iliyoandikwa kwa herufi za kuumiza macho, utawatambua kwa mkia wa jina: methylparaben, ethylparaben, propylparaben, butylparaben. Huyo wa kwanza ndiye anayeandikwa E218 kwenye vyakula, na yumo pia kwenye dawa nyingi za maji tunazowanywesha watoto kwa kijiko.

Wote ni watoto wa asidi moja iitwayo para-hidroksibenzoiki, ambayo mimea hujitengenezea yenyewe. Makumbi ya nazi, yale yanayofukiwa majini kisha yakapigwa ili kusokotwa kamba, yana asidi hiyo. Kiwandani asidi huunganishwa na alkoholi, na alkoholi iliyotumika ndiyo inayompa kila mtoto jina lake. Sitaji nazi ili kudai kwamba kila kitokacho kwenye mti ni salama. Utomvu wa mnyaa unatoka kwenye mti, na ukiingia jichoni ni balaa. Nataja nazi kwa sababu ule ukuta tunaoujenga kati ya "asili" na "kemikali" haupo. Kilichopo ni kitu gani, kiasi gani, kinapakwa wapi, na anapakwa nani.

Sasa tuangalie kinavyofanya kazi, maana hapa ndipo penye utamu wa jambo hili. Krimu ni mafuta na maji yaliyolazimishwa kukaa pamoja. Bakteria na kuvu hawazaliani ndani ya mafuta matupu. Wanaishi kwenye maji. Parabeni inapogusa seli ya kijidudu huingia kwenye utando wake, ikavuruga njia za kupitishia virutubisho na kukwamisha vimeng'enya vinavyoipatia seli nishati. Kijidudu kinashindwa kula, kinashindwa kugawanyika.

Nguvu ya kila mmoja inategemea urefu wa mnyororo wake wa kaboni, ule alioupata kwenye alkoholi. Methili ina mnyororo mfupi, inayeyuka kwenye maji kwa urahisi zaidi, lakini makali yake ni madogo. Butili ina mnyororo mrefu na makali makubwa, ila inapenda mafuta: ukiiweka kwenye krimu inakimbilia upande wa mafuta na kuyaacha maji, ambamo adui yumo, bila ulinzi wa kutosha. Ndiyo maana mara nyingi utakuta methili na propili zimeandikwa pamoja kwenye lebo moja. Mtengenezaji hajazidisha dawa kwa pupa. Ameweka mmoja anayejua kuogelea na mwingine mwenye nguvu, na kwa kuwa wanasaidiana, kila mmoja anahitajika kwa kiasi kidogo.

Hata hivyo wana udhaifu wao. Wanawaweza kuvu vizuri, na bakteria wa makundi mengi, lakini Pseudomonas, bakteria apendaye maji na mabomba, huwasumbua. Hapo huitwa mwenzao mwingine, fenoksiethanoli, ambaye ni hodari zaidi kwa bakteria wa aina hiyo kuliko kwa kuvu. Ukiona majina hayo mawili yako jirani kwenye orodha, sasa unajua kwa nini.

Na kabla losheni ya kiwanda makini haijatoka, hupitishwa kwenye mtihani ambao kila mnunuzi angepaswa kuufahamu. Kwa utaratibu wa kimataifa wa ISO 11930, maabara huchukua krimu nzima na kuichafua kwa makusudi kwa vijidudu vitano: Pseudomonas, Staphylococcus aureus, E. coli, na kuvu wawili, Candida na Aspergillus. Kisha wanahesabu waliobaki hai siku ya 7, ya 14 na ya 28. Idadi isiposhuka inavyotakiwa, mchanganyiko unarudi mezani. Mtihani huo unaiga maisha halisi ya kopo: vidole vyenye jasho, mfuniko ulioachwa wazi bafuni, mtoto aliyetumbukiza mkono. Kopo la wifi halikuwahi kufanyiwa mtihani mwingine isipokuwa ule wa shingo ya mwanawe.

Kuna wanaodhani ukungu ni uchafu wa kuondoa kwa kijiko na kuendelea kupaka. Nchini Marekani katika miaka ya 1970, madaktari wa macho walieleza wagonjwa waliopata vidonda kwenye kioo cha jicho kwa sababu ya maskara iliyoingia Pseudomonas. Agosti 2006, kwenye wodi ya wagonjwa mahututi mjini Barcelona, wagonjwa 5 walikutwa na bakteria aitwaye Burkholderia cepacia, na wachunguzi walipofuatilia walimkuta kwenye losheni ya mwili iliyotumiwa kuwapaka wagonjwa, hata kwenye chupa ambazo hazikuwa zimefunguliwa. Mtu mzima mwenye ngozi nzima anaweza kupaka krimu iliyoharibika asione kitu. Mtoto wa wiki tatu, mtu mwenye kidonda cha kisukari, mtu aliyetoka kunyoa, hao wana milango wazi.

Basi hofu ya parabeni ilitoka wapi? Kwa sehemu kubwa ilitoka mwaka 2004, watafiti wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, wakiongozwa na Philippa Darbre, walipochapisha kwamba wamepata parabeni kwenye sampuli 20 za uvimbe wa saratani ya matiti. Wastani ulikuwa nanogramu 20.6 kwa gramu moja ya nyama. Habari ikakimbia duniani kwamba deodoranti inaleta saratani. Lakini utafiti ule haukulinganisha uvimbe na nyama nzima ya wanawake wasio na saratani, na wenyewe hawakusema parabeni ndiyo iliyosababisha uvimbe. Mwaka 2012 kundi hilo hilo likachunguza matiti ya wanawake 40 na kukuta parabeni karibu kwenye kila sampuli, ikiwa ni pamoja na ya wanawake 7 waliosema hawajawahi kupaka deodoranti maishani. Kwa hiyo tunajua parabeni huingia mwilini. Uchunguzi wa mkojo wa Wamarekani umeikuta kwenye zaidi ya asilimia 90 ya sampuli. Kukikuta kitu mwilini ni jambo moja, na kuthibitisha kwamba kimeumiza ni jambo jingine, na kati ya hayo mawili kuna kazi ndefu ya sayansi ambayo vichwa vya habari viliiruka.

Hofu hiyo haikuwa upuuzi, na sipendi inapodhihakiwa. Parabeni huweza kujifanya estrojeni, homoni ya kike. Mwaka 1998 majaribio ya maabara kwa kutumia hamira yalionyesha kwamba hata butili, iliyokuwa na nguvu zaidi kati ya zilizopimwa, ilikuwa dhaifu mara 10,000 kuliko estrojeni ya mwili wenyewe. Ndogo, lakini si sifuri. Na mtu hapaki bidhaa moja: anapaka losheni, mafuta ya nywele, krimu ya uso, deodoranti, siku 365 kwa mwaka. Upande wa pili, ngozi na ini vina vimeng'enya vinavyoikata parabeni na kuirudisha kwenye ile asidi ya makumbi, kisha inatoka na mkojo. Haijilundiki mwilini kama zebaki.

Wasimamizi wa Ulaya walifanya kile ninachoona kuwa cha busara: walitenganisha ndugu. Mwaka 2011 Denmark ilipiga marufuku propili na butili kwenye bidhaa za watoto chini ya miaka 3. Mwaka 2014 Umoja wa Ulaya uliondoa kabisa parabeni 5 ambazo hazikuwa na taarifa za kutosha za usalama, ukashusha propili na butili hadi asilimia 0.14, na kuzikataza kwenye krimu zinazobaki kwenye ngozi ya mtoto chini ya miaka 3 sehemu ya nepi, kwa sababu ngozi ya pale huchubuka na kufunikwa, na kinachopakwa hupenya zaidi. Methili na ethili zikabaki kwenye asilimia 0.4 kila moja. Miaka ya karibuni kamati yao ya kisayansi imezipitia upya, propili mwaka 2021 na methili mwaka 2023, ikasema viwango hivyo ni salama. Fanya hesabu: kwenye chupa ya losheni ya gramu 400, methili yote inayoruhusiwa haizidi gramu 1.6.

Mzazi akiniuliza, jibu langu ni hilo hilo la Ulaya. Mtu mzima, sina tatizo na parabeni zinazoruhusiwa. Sehemu ya nepi ya mtoto mdogo, epuka propili na butili. Fenoksiethanoli nayo ina ukomo wake wa asilimia 1, na mwaka 2019 Ufaransa ilitaka isipakwe na kuachwa sehemu hiyo hiyo kwa watoto chini ya miaka 3. Mwenye ukurutu au kidonda kisichopona awe makini, maana parabeni inayovumiliwa na ngozi nzima huweza kuleta mzio kwenye ngozi iliyochubuka. Zaidi ya hapo, mzio wa parabeni ni nadra kiasi kwamba mwaka 2019 chama cha Marekani cha madaktari wanaoshughulikia mzio wa ngozi, chama ambacho kila mwaka hutangaza kisababishi kikuu cha mzio, kiliitangaza parabeni kuwa kinyume chake, kitu kisicho cha kuogopwa kwa mzio.

Chama hicho hicho, mwaka 2013, kilikuwa kimetangaza kihifadhi kingine kabisa kuwa kisababishi kikuu cha mzio: methilisothiazolinoni, ambayo wenye fani huiita MI. Hapa ndipo hasira yangu ilipo. Kampuni nyingi zilipoona wateja wanaikimbia parabeni, zilihitaji kitu cha kujaza nafasi, kwa sababu maji kwenye krimu hayakuwa yamekwenda popote. MI ilikuwa imeruhusiwa kusimama peke yake kwenye vipodozi tangu 2005, kwa kiasi kidogo cha sehemu 100 kwa milioni. Ikaingia kwenye losheni, shampuu na waipsi za kufutia watoto. Ndani ya miaka michache kliniki za ngozi za Ulaya zilijaa watu wenye nyuso zilizovimba na mikono iliyopasuka, na watoto wenye wekundu kuzunguka mdomo na makalio, pale pale waipsi zinapopita. Ulaya ikaikataza kwenye bidhaa zinazobaki kwenye ngozi mwaka 2017, na mwaka uliofuata ikaishusha hadi sehemu 15 kwa milioni kwenye zile za kusuuza. Watu walikuwa wamenunua chupa zilizoandikwa "haina parabeni" wakiamini wanakwepa hatari. Walihamishwa kutoka kwa mlinzi aliyechunguzwa kwa miaka 80 kwenda kwa mgeni, na chupa haikuwaambia mgeni huyo ni nani. Mzio wa MI ukishaupata hauondoki. Utasoma lebo maisha yako yote.

Sisi wa pwani tulikuwa na jibu letu la zamani, na lilikuwa na akili kuliko tunavyolipa sifa. Bibi yangu hakuhitaji kihifadhi kwa sababu hakuwahi kuhifadhi maji. Liwa ilikaa kabatini ikiwa kipande kikavu cha mti. Akitaka kuipaka, aliisugua juu ya jiwe na marashi, kiasi cha siku hiyo, akaipaka, akaosha jiwe. Singo ya bibi harusi ilikaa ikiwa unga mkavu, ikalowekwa saa ya kusuguliwa. Mafuta ya nazi yalipikwa mpaka tui likamaliza maji yote, yakabaki mafuta matupu. Kila kimoja kati ya hivyo ama hakina maji, ama kilipata maji dakika ile ile. Mafuta ya mgando tunayonunua dukani yanafuata kanuni hiyo hiyo, ndiyo maana kopo lake linaweza kukaa muda mrefu bila kuota ukungu.

Mtu anapochukua ute wa alovera, ambao karibu wote ni maji, akauchanganya na siagi ya shea kwenye blenda ya jikoni na kuuweka kwenye kopo la kukaa miezi sita, hajaendeleza mila ya bibi. Ameivunja pale pale ilipokuwa na nguvu.

Na mkorogo, ile krimu ya kuchanganya ya kung'arisha ngozi, umeivunja vibaya zaidi. Anachofanya mkorogaji ni kumimina losheni tatu nne kwenye beseni moja, akakoroga kwa kijiko au kwa mkono na kugawa kwenye vikopo. Kwa kuchanganya hivyo, kila kihifadhi kilichopimwa kwa losheni yake kinapunguzwa nguvu, na vijidudu vya mkono na beseni vinaongezwa juu yake. Hapo sijagusa haidrokwinoni na zebaki, ambazo zimepigwa marufuku kwenye vipodozi Tanzania na Kenya na bado zinaonekana sokoni. Nimewahi kushika krimu ya kung'arisha iliyoandikwa haina parabeni, haina mahali popote palipoandikwa ina nini. Zebaki inaharibu figo. Kuihofia parabeni huku unapaka kopo la namna hiyo ni kufunga dirisha na kuuacha mlango wazi.

Afrika Mashariki ina viwango vyake vya vipodozi, EAS 377, na sehemu ya nne yote ni orodha ya vihifadhi vinavyoruhusiwa na kiasi chake. Hapa Tanzania usimamizi wa vipodozi ulihamia TBS, Shirika la Viwango Tanzania, mwaka 2019. Ningependa kuona orodha ile imewekwa kwa Kiswahili chepesi mahali ambapo kina mama wanaotengeneza krimu jikoni wanaweza kuisoma, kwa sababu wengi wao wana nia njema kabisa.

Aliyetengeneza krimu ya wifi alikuwa mmoja wao. Nilimpigia simu nikiwa nimejiandaa kugombana. Akapokea dada mwenye sauti ya upole, mtoto wake analia nyuma. Nikamuuliza krimu yake ina maji kiasi gani na ameihifadhi kwa kitu gani. "Naweka vitamini E, dada," akasema. "Nimesoma inahifadhi." Kweli inahifadhi: inazuia mafuta yasichache kwa hewa. Kwa bakteria na kuvu haifanyi chochote. Tukazungumza karibu saa nzima. Nikamwambia njia ya kwanza ni kuacha maji, auze siagi ya shea na mafuta ya nazi matupu. Akanyamaza kidogo, akasema wateja wanataka alovera, ndiyo inayouzika.

Akauliza parabeni inapimwaje, na kama kijiko kimoja cha chai kinatosha kwa ndoo.

Nikamwambia kijiko hakipimi. Kwa nusu kilo ya krimu, methili haitakiwi kuzidi gramu 2, na mizani ya nyanya haiwezi kuziona gramu 2. Anunue kwanza mizani ndogo, ile wanayotumia masonara, na mpaka atakapoipata asitume oda nyingine ya mtoto.

Oda zilizokuwa zimebaki alizifuta jioni ile.